Fundo la Nyuma ya Meza

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wakubwa kwa wadogo walimwita Babu Haloo, naye aliitika bila kinyongo, kwa sababu jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Maisha yake ya kazi yote aliyamaliza kwenye chumba cha simu cha hospitali, chumba kidogo kisicho na dirisha, ambacho wenzake wenye macho walikikimbia wakilalamika kwamba kina giza.

"Giza lipi?" aliwauliza. "Mbona mimi silioni?"

Macho yake yalizimika angali kijana, kabla hajaoa. Sura ya mkewe hakuwahi kuiona hata siku moja. Watu walipomtania kwamba aliuziwa mbuzi kwenye gunia, aliwajibu kwamba yeye alichagua kwa sikio. Yule msichana alipotembea aliinua miguu, haburuzi viatu, na mtu asiyeburuza viatu haburuzi na maneno.

Kazi ya simu aliipenda, na alikuwa na sheria moja aliyowafundisha vijana wote waliopita mikononi mwake: simu ikinyamaza, usikate. Hospitali si duka la sukari. Anayepiga pale huenda ameuliza habari ya mgonjwa wake, amejibiwa, na sasa koo limefunga. Wewe ukisema haloo, haloo, kisha pu! ukaweka, umemfungia mtu mlango usoni. Yeye alisema mara moja tu, "Nipo," halafu akangoja. Wengine walilia kwanza ndipo wakasema. Wengine walipumua tu wakakata wenyewe. Lakini kukata kulitoka kwao, hakukutoka kwake.

Alipostaafu, hospitali ilikuwa imeshaleta mtambo unaojibu simu wenyewe. Wenzake walimuaga kwa kompyuta ya mezani iliyokuwa imetolewa ofisi ya mapokezi, kuukuu, nzito kama imejazwa mawe. Mwalimu mmoja wa wasioona akaiwekea programu ya kusema. Kila herufi aliyoibonyeza, kompyuta iliitaja. Kila mstari aliouandika, ilimsomea. Ilisoma Kiswahili kwa puani, kama mgeni aliyetia kiazi cha moto mdomoni. Mkewe alipoisikia mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu bwana ana mafua!" alisema. Tangu siku hiyo ile sauti ikaitwa Bwana Pua.

Na kwa Bwana Pua mzee akapata kazi ya pili. Vikundi vya mtaa vilirekodi mikutano yao, vikamletea, naye akavaa vile vya kusikilizia masikioni akaandika yote yaliyosemwa, nani kasema, nani kamkatiza, nani kakohoa badala ya kujibu. Kioo cha kompyuta hakikuwa na kazi kwake. Kilikaa mezani kinakula nafasi, mpaka mkewe akasema, "Sasa hiki anakitazama nani?" akampa kinyozi wa pale barabarani, ambaye alikitundika ukutani ili wateja watazame mpira wakinyolewa. Basi nyumba ile ikabaki na kompyuta isiyo na kioo na mwenyewe asiye na macho, na mambo yakaenda.

Mkewe alikuwa na mafundo yake. Kopo la chumvi alilifunga kitambaa chenye fundo moja, la sukari mafundo mawili. Ufunguo wa mlango wa nyuma ulikuwa na uzi, wa mbele hauna. Chupa ya mafuta ya taa ilifungwa kitambaa kilichokazwa mafundo matatu, na mafundo matatu, popote yalipokuwa, maana yake ilikuwa moja: usiguse. Mzee alipita nyumbani mwake kwa vidole kama mtu anayesoma. Mgeni akiingia aliona matambara tu.

Mama huyo aliugua ghafla, akalazwa hospitali ile ile. Usiku wa mwisho mzee alikuwa nyumbani, wamemwambia akapumzike. Asubuhi alipiga simu namba anayoijua kuliko jina lake. Mtambo ukapokea. Ukamwambia abonyeze moja kama anataka hiki, mbili kama anataka kile. Akabonyeza, akabonyeza, mwisho akapata mtu, kijana, na kijana akamwambia. Mzee hakusema kitu.

"Haloo?" kijana akasema. "Haloo?" Kisha pu.

Mzee alibaki na simu sikioni, ikilia tuu, tuu, tuu.

*

Binti yake alikuja siku hiyo hiyo. Alikuwa mtoto wao wa pekee, mpishi wa shule ya bweni katika mji mwingine, mwanamke wa makamo mwenye mikono inayonuka vitunguu hata akiipaka manukato. Baada ya maziko watu walipotawanyika, yeye alibaki, na kwa kuwa hakuweza kukaa bure, alisafisha. Alifua mapazia, alisugua sakafu, alitoa vitu nje akavirudisha. Na yale matambara yaliyofungwa huku na kule, yenye grisi na vumbi, aliyafungua yote akayatupa.

Kesho yake mzee alikunywa chai ya chumvi. Aliimeza yote, hakusema neno. Alijiambia mtu aliyefiwa hasemwi. Akasahau kwamba na yeye kafiwa.

Hata yeye binti alikuwa na sheria yake. Kila jioni kabla ya kulala alizunguka nyumba nzima akizima soketi moja baada ya nyingine, tak, tak, tak. Jikoni kwao shuleni ndivyo walivyofanya, wasije wakaamka na moto. Mzee alisikia ile tak tak akaiona ni sauti ya mtu anayemjali. Akalala.

Basi siku mzee aliposema sasa inatosha, narudi kazini, alikaa mezani akaweka kidole kwenye kitufe cha boksi la kompyuta. Feni ikaanza kupuliza. Diski ikakwaruza kidogo kama panya kwenye dari, kawaida yake. Ukaja ule mlio mmoja mfupi, pii. Baada ya hapo huja muziki wa kuwaka, na baada ya muziki Bwana Pua husema karibu.

Muziki haukuja. Feni ilipuliza tu. Mzee alingoja, akabonyeza kitufe cha kuingiza, akabonyeza mishale, hakuna. Akashikilia kitufe cha boksi mpaka feni ikafa, akawasha tena. Puliza, kwaruza, pii, kimya. Akakata tena. Kila siku asubuhi akawa anafanya hivyo, anawasha, anasikiliza, anakata, kwa kuogopa kwamba ikiachwa imeganda hivyo itaungua.

"Imekufa?" binti aliuliza kutoka mlangoni.

"Haijafa. Imeganda. Inafika mahali inaganda."

Binti alivuta kiti. "Baba, mimi Jumapili narudi kazini. Wamenivumilia vya kutosha. Sasa niambie, nikiondoka nani atakuangalia?"

"Kuniangalia? Kwani mimi sufuria ya maziwa, nitafurika?"

"Sitanii, baba."

"Na mimi sitanii. Nina nyumba, nina majirani, nina kazi."

"Kazi iko wapi?" alisema binti, akanyoosha mkono kuelekea boksi, kisha akakumbuka kwamba baba yake haoni mkono. Akasema polepole, "Hicho ndicho kinachonitisha. Kama una kazi, nitajua unaamka asubuhi, watu wanaingia na kutoka, unaongea. Bila kazi utakaa kwenye kiti hiki mpaka ufanane nacho. Tukubaliane basi. Mpaka Jumamosi jioni Bwana Pua awe amesema. Asiposema, tunafungasha, unakuja kwangu. Chumba kipo."

Mzee alikijua hicho chumba. Alishalala humo. Ni chumba kizuri, kina kitanda, na nje yake uwanja mpana wa shule ambao mtu asiyeona hawezi kuuvuka bila mkono wa mtu mwingine. Pale angekuwa mzigo uliowekwa vizuri.

"Haya," alisema. "Jumamosi."

*

Fundi aliyeitwa alikuwa wa redio na simu, jirani, wenyewe walimwita Koleo, maana alichokishika hakikutoka. Alifika Jumamosi asubuhi na begi lake, akalilaza boksi ubavu, akalifungua. Likatoka vumbi la miaka.

"Babu, humu unalima nini? Mbona kuna shamba zima?"

"Vuna utuachie nafasi."

Koleo alipuliza, akapangusa, akachomoa vile vipande vya kumbukumbu akavisugua kwa kifutio cha penseli, akavirudisha. Akaangalia waya wa diski, akaukaza. Akawasha. Puliza, kwaruza, pii, kimya. Mzee alikuwa amekaza mikono magotini.

"Diski hiyo," mzee alisema. "Mimi nasikia. Inaanza vizuri, halafu inakwama. Masikio yangu hayajawahi kunidanganya."

"Inawezekana," Koleo alijibu, ingawa sauti yake haikuwa na uhakika. "Shida ni kwamba hapa nafanya kazi ya mganga anayempima mgonjwa aliye upande wa pili wa mlango. Bila kioo sijui inasema nini. Nikupe ushauri wa haraka? Niipige windo upya. Nafuta kila kitu, naweka mpya, leo leo inawaka."

"Na Bwana Pua?"

"Huyo ndio kwaheri. Tutatafuta mwingine."

Mzee alifikiria. Angeweza kukubali. Jumamosi ilikuwa imeshaanza kwenda, na sauti yoyote ingekuwa sauti. Lakini ile ya puani ndiyo iliyomchekesha mkewe akakaa chini. Alitikisa kichwa, akashindwa kusema sababu.

Ndipo binti, aliyekuwa amesimama kando muda wote, akasema, "Kile kioo cha zamani kilienda wapi?"

Binti angeweza kunyamaza. Kama angenyamaza, jioni ingefika na angefungasha. Mzee alilijua hilo, akageuza uso kuelekea sauti yake.

"Kiko kwa kinyozi," alisema. "Kimepigwa misumari ukutani."

"Basi kama kioo hakiji kwa kompyuta," alisema binti, "kompyuta iende kwa kioo."

Wakatoka hivyo. Koleo mbele na boksi kifuani, anahema, binti katikati na spika na rundo la waya, mzee nyuma, kibodi kwapani kama mtu anayepeleka ubao wa mkate, mkono wake mwingine begani kwa binti yake. Viatu vya binti havikuburuza. Alitembea kama mama yake.

*

Kinyozi alikuwa na mteja kitini, mwanamume mnene wa ofisini aliyenyolewa upande mmoja, na mpira ulikuwa unaendelea ukutani. Duka lilinuka spiriti na poda.

"Shikamoo, Babu Haloo! Leo unakuja kunyoa kompyuta?"

"Marahaba. Inyoe kwanza hiyo, mimi nimebakiza nywele gani."

Walipomweleza, kinyozi hakubisha. Alizima mpira papo hapo akachomoa waya.

"Jamani!" akalia yule mteja. "Kichwa nusu, na mpira nusu?"

"Tulia, bosi. Upande niliokunyoa umependeza. Huo mwingine unangoja zamu yake."

Koleo alichomeka. Mzee aliwekwa kwenye benchi, kibodi mapajani. Feni ikapuliza, diski ikakwaruza, ikaja pii. Halafu ule ukimya. Lakini safari hii haukuwa ukimya wa feni peke yake, ulikuwa wa watu. Wote walikuwa wanasoma.

"Vipi?" mzee aliuliza. Hakuna aliyejibu. "Mko kwenye mtihani? Mtu asome kwa sauti basi!"

Yule mteja, ambaye Kiingereza ndicho kilichomweka ofisini, alijivuta mbele na shuka lake shingoni. "Imeandikwa... betri yake imekwisha. Imeandikwa haijui leo ni tarehe gani. Halafu chini inasema, kama unataka kuendelea, bonyeza F moja."

"Halafu?"

"Halafu basi. Hakuna kingine."

"Haijaandika diski?"

"Diski haijatajwa, mzee."

"Kwa hiyo imegandia hapo."

Koleo alipiga makofi mara moja, kama mtu aliyejiona mjinga. "Haijaganda, babu. Diski yako nzima. Inauliza, na inangoja ujibu."

Vidole vya mzee vilikuwa vimelala juu ya kibodi bila kubonyeza. Asubuhi ngapi ile mashine ilikuwa upande wa pili, iko hai, inapumua, imenyamaza kwa sababu inangoja neno moja kutoka kwake, na yeye, yeye wa watu wote, akasema haloo haloo, kisha pu. Masikio yake hayajawahi kumdanganya, alisema. Aibu ilimpanda shingoni.

Kinyozi alikuwa bado anakitazama kioo. "Kumbe ni maneno yale yale!" akasema. "Haya si nimeshayasoma?"

"Umeyasoma wapi?" aliuliza binti.

"Kwenu. Siku marehemu mama aliponipa kioo. Umeme ulikuwa umekatika usiku, aliiwasha mbele yangu, yakatokea maneno haya. Akaniambia nimsomee. Kisha akaniambia nimwonyeshe kitufe chenyewe kiko wapi. Nikamwonyesha. Akafumba macho, akakitafuta kwa kidole. Akakosea. Akafumba tena. Tulikaa pale, mimi nina haraka na kioo changu, yeye anafumba tu macho anatafuta, mpaka akawa hakosei. Nikamuuliza, mama, si umwambie tu mzee? Akasema, mwache mzee aendeshe gari lake."

Mzee alikumbuka sasa. Kila umeme ulipokatika ukarudi, mkewe alikuja mezani na kitambaa cha kupangusa. Alipangusa boksi, akapangusa kibodi, na mzee alimkemea kila mara: "Mama, utanibonyezea vitu!" Naye alijibu, "Vumbi, baba, vumbi," akaenda zake akiinua miguu. Baada ya muda kidogo Bwana Pua husema karibu, na mzee hujiona fundi.

"Ila haikuwa kila siku," mzee alisema kwa sauti ndogo. "Ilikuwa umeme ukikatika tu. Mbona sasa ni kila asubuhi?"

"Hiyo rahisi," alisema Koleo. "Ndani kuna betri ndogo kama kifungo cha koti, ndiyo inayoitunzia kumbukumbu. Imekufa zamani. Kwa hiyo inaishi kwa umeme wa ukutani. Soketi ikiwa imewashwa, hata kompyuta ukiizima, inakumbuka. Soketi ikizimwa, inasahau kila kitu. Kwenu nani anazima soketi?"

Yule mteja wa nusu kichwa aliangua kicheko. "Kikulacho ki nguoni mwako!"

Hakujua alichokisema wala aliyemsema. Mzee alisikia pumzi ya binti yake ikikatika. Akasikia viatu vyake vikirudi nyuma hatua mbili, vinaburuzwa.

"Kulikuwa na kitambaa," binti alisema. "Nyuma ya meza. Kimefungwa kwenye soketi, juu ya swichi. Nilikifungua nilipokuwa nafagia."

"Kilikuwa na mafundo mangapi?" mzee aliuliza.

"Matatu."

Mzee aliinamisha kichwa. Alijua kila fundo la nyumba ile, isipokuwa hilo. Halikufungwa kwa ajili yake.

"Hukujua," alisema. "Hata mimi sikujua." Kisha akanyoosha kidole, akahesabu vitufe vya mstari wa juu toka pembeni, akabonyeza.

Ukaja muziki. Spika za mzee zikakwaruza, na Bwana Pua, mbele ya kinyozi na poda na spiriti, akasema karibu, kwa puani, kama hakuna lililotokea. Kinyozi alicheka kwa furaha. Mzee, akikumbuka kwamba mashine haijui siku, alibonyeza vitufe vya kuuliza tarehe. Bwana Pua akataja tarehe ya miaka mingi iliyopita.

"Ndipo iliporudi," Koleo alieleza. "Ikisahau hurudi mwanzo. Niiwekee ya leo?"

Ilikuwa tarehe ya enzi ambazo mkewe alikuwa hai, ana nguvu, anapika anaimba. Mzee alikaa nayo kidogo.

"Weka ya leo," alisema.

Koleo akaiweka. Akaahidi kwamba betri ataitafuta kwa fundi wa saa, Jumatatu ataileta. "Mpaka hapo," akasema, akimtazama binti bila ukali, "soketi isiguswe."

*

Walirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Koleo aliweka boksi mahali pake akaaga. Binti alichomeka waya zote bila kuongea. Alichota maji, akayaweka jikoni, hakuyafanyia kitu. Mwishowe alikuja akakaa kwenye kiti cha upande wa pili wa meza.

"Umesikia mwenyewe," mzee alianza. "Nilikuwa najisifu naendesha, kumbe nasukumwa. Bwana Pua amesema, ni kweli, lakini mkataba wetu ulisimama juu ya uongo ambao hata mimi sikuujua. Ukitaka kunichukua, sababu unayo. Sitakugombeza."

Binti hakujibu.

Mzee alifungua mdomo aseme jambo la kuchekesha. Ndivyo alivyokuwa amefanya siku zote tangu maziko: binti akinyamaza, yeye anatupa mzaha, na ukimya unakatika. Sasa akaona alichokuwa akifanya: alikuwa akikata simu. Akafunga mdomo.

"Nipo," alisema. Akangoja.

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia. Bomba la jikoni lilidondosha tone, likadondosha jingine. Mtoto aliitwa na mama yake, akaitika mbali. Mzee hakusogeza hata kiti.

"Alinipigia," binti alisema mwisho, na sauti ilitoka kama imechanika. "Mama. Jioni ile ya mwisho. Nilikuwa jikoni, masufuria yote yako motoni, wanafunzi wamepanga mstari. Nikapokea, hakusema kitu. Nikasema mama, mama, nasikia kelele hapa, nitakupigia. Nikakata. Sikumpigia, baba. Nilisema kesho."

Mzee alisikia alivyokuwa analia, kulia kwa mtu mzima, kwa kuzuiwa.

"Ndiyo maana nataka uje. Si kwamba huwezi kuishi. Ni mimi. Sitaki nikukate na wewe."

Mzee alinyoosha mkono juu ya meza mpaka ukaupata wa binti yake. Hakumwambia si kitu, maana kilikuwa kitu. Alitafuta la kweli.

"Mama yako alikuwa ananipigia kazini," alisema. "Anapiga, napokea, hasemi. Mwanzoni nilidhani kuna shida. Nasema nipo, nasikia anapumua, halafu anakata yeye. Nikirudi namuuliza, ulitaka nini? Ananiambia, nilitaka kusikia kama upo. Basi. Jioni ile alisikia upo. Alikusikia wewe na masufuria yako. Sijui kama ilimtosha. Lakini alilolipigia alilipata."

Binti aliushika mkono huo kwa muda mrefu. Kisha akapangusa uso.

"Kesho naondoka," alisema.

"Ndiyo."

"Peke yangu."

Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Nitakuwa napiga. Kila jioni, baada ya wanafunzi kula."

"Piga. Hata ukiwa huna la kusema. Mimi hiyo ndiyo kazi ninayoijua."

Binti aliinuka. Mzee alisikia kitambaa kikichanika, kirefu, kutoka nguo kuukuu. Akasikia binti akipiga magoti nyuma ya meza, anahema, anahangaika na kitu kwa muda. Alipotoka aliuchukua mkono wa baba yake akauongoza chini, nyuma ya mguu wa meza, mpaka vidole vikagusa soketi, na juu ya swichi yake, kitambaa.

Mzee alikipapasa. Mafundo matatu, lakini manene, yamelala upande mmoja, yamekazwa kwa nguvu ya mtu anayefunga magunia ya unga. Ya mkewe yalikuwa madogo, makavu, yamesimama.

"Haya si ya mama yako," alisema.

"Ni yangu, baba."

Alipitisha kidole juu ya mafundo hayo tena, la kwanza, la pili, la tatu, kama mtu anayejifunza herufi ngeni.

"Haya," alisema. "Nitayazoea. Sasa njoo unifungie na kopo la chumvi, nimechoka na hiyo chai."